Upepo wa Kuazima: Masika ya Nchelenge, 1956–57

11 Novemba 1956
Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana. Ilikuwa fupi na yenye radi nyingi. Nimepanga chumba Nchelenge, kwa Fanwell na mkewe Olipa, nyumba ya tofali za udongo inayotazama ziwa. Gazeti la Elisabethville limenituma kuandika juu ya samaki wa Mweru na barabara inayowapeleka migodini. Kazi ya wiki tatu, mhariri alisema. Mhariri hajaona barabara ya Kawambwa ikilowa.

12 Novemba
Mvua.

14 Novemba
Wenyeji wangu wanaitana kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama desturi ya hapa. Olipa ni BanaMaggie, mama yake Maggie. Mumewe ni BashiMaggie. Maggie ameolewa Kafutuma. Wao wawili husema Kibemba. Kwangu husema Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, cha Kongo, chenye "njo" mahali pa "ndio": mume alikipata katika gereji za Elisabethville, mke alikipata kwa kuwauzia samaki watu wa Kilwa ya ng'ambo hiyo.

Fanwell alipaka malori rangi maisha yake yote ya kazi. Alirudi nyumbani na sanduku la chuma, na leo kanifungulia. Ndani ya kitambaa mna pistole ya rangi, ndogo kama kalamu ya wino, yenye kikombe kidogo mgongoni. Upepo ukipita kwenye ncha unavuta rangi na kuitawanya laini kama mvuke wa pumzi kwenye kioo. Kwa pistole hiyo anapaka picha za samaki. Hapaki kwa kuuza, na hakuna aliyemwagiza. Anapaka kwenye mbao za masanduku ya chai, na ukuta mzima wa sebule umejaa: pezi kwa pezi, gamba kwa gamba, sahihi kabisa.

Olipa alipita na beseni kichwani, akatupa jicho kwenye ubao wa jana.

"Huyu alilala," akasema.

"Alilala wapi? Nimemununua leo asubui."

"Weye ulimununua asubui. Yeye alilala ku mutumbwi."

Akaenda zake. Katika soko la Kashikishi, ambako Olipa anauza, hakuna neno baya kuliko hilo. Mnunuzi hufunua shavu la samaki kwa kidole gumba kabla ya kusema hata hujambo. Akiona weusi ndani, husema "alilala", yaani si wa leo, na kuhamia meza nyingine. Fanwell aliniambia bila kinyongo kwamba mkewe amesema neno hilo juu ya kila ubao ulioko ukutani.

"Na ni kweli?" nikamwuliza.

"Ni kweli. Natafuta mumoja tu, ule BanaMaggie atashindwa kusema alilala."

Nilidhani ni mtu asiye na kazi na mke asiye na huruma. Nimeyaandika haya ili nione kama nitayafuta.

17 Novemba
Shida ya kwanza, asema Fanwell, ni upepo. Anatumia pampu ya miguu ya kujazia matairi. Kila akikanyaga, rangi inatoka nene. Akiinua mguu, inakonda. Tumbo la samaki linakuwa na mistari kama mbavu. "Inahema," anasema. Anahitaji upepo usiohema.

20 Novemba
Tumekwenda Kashikishi kwa Kingsley, fundi wa injini za mashua. Kibanda chake kiko nyuma ya soko, na mtu hawezi kuingia bila kukanyaga kitu cha thamani. Fanwell alieleza anachotaka. Kingsley alicheka hadi akaweka spana chini.

"Ba Fanwell! Samaki banaishi mu maji. Weye unabatafutia upepo?"

"Nionyeshe ile uko nayo."

Alikuwa na kompresa mbili. Ya kwanza ilitoka chumba cha barafu, kubwa kama mbuzi mwenye mimba. "Hii iko nguvu," Kingsley alisema. "Itakupea upepo mpaka Yesu arudi." Ya pili ilitoka kwenye breki za lori, ndogo, ya silinda mbili, na tangi lake la chuma lenye bomba la kumwagia maji chini.

Fanwell hakuuliza nguvu. Alitoa leso nyeupe mfukoni. Kingsley akazungusha ile kubwa kwa mkanda wa injini yake, na Fanwell akaishika leso mbele ya tundu la upepo, akasubiri muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Leso ikapata madoa ya manjano.

"Inatapika mafuta," akasema. "Mafuta na rangi habakae nyumba moja."

Akageuza upande safi wa leso, wakafanya vilevile na ile ndogo. Leso ilibaki nyeupe. Akainusa pia. Kisha akaweka sikio karibu na silinda, akaomba izungushwe polepole, halafu kwa kasi, halafu isimamishwe ghafla, akitazama sindano ya geji kama inashuka. Haikushuka. Nimewahi kuona watu wakinunua magari kwa uangalifu mdogo kuliko huo.

"Ile ni ya lori ya patron," Kingsley akasema. Patron ni mfanyabiashara wa Kilwa. Lori lake limevunjika ekseli, limelala kwenye matofali kando ya soko, na spea haiwezi kuja mpaka barabara ikauke. "Alisema nisiiache ishike kutu, niizungushe. Basi zungusha weye. Lakini barabara ikifunguka, inarudi ku lori. Siku ile ile."

"Siku ile ile," Fanwell akakubali.

Kwa hiyo ana masika haya tu. Niliwaza hivyo tukirudi, yeye amefunga kompresa mgongoni kwa kanga ya mkewe, kama mtoto.

25 Novemba
Ametoa tairi la nyuma la baiskeli na kupitisha mkanda kwenye rimu hadi kwenye kompresa. Baiskeli inasimama juu ya stendi, mtu anapanda, anaendesha bila kufika popote, tangi linajaa. Bwembya, mdogo wake Olipa, mvuvi, ndiye aliyejaribu wa kwanza.

"Mulamu, niko nafika wapi?"

"Kawambwa," shemeji yake akamjibu. "Kaza, kuko mulima."

Upepo unatoka sawasawa. Tumbo la samaki halina mbavu tena. Olipa aliutazama ubao.

"Alilala," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini alilala vizuri."

30 Novemba
Mvua usiku na mchana. Nimetuma habari ya bei za samaki kwa mashua ya Kilwa.

4 Desemba
Pistole inatema maji. Fanwell anaeleza: upepo wa ziwani masika haya umejaa unyevu, kompresa inaukamua, maji yanakaa ndani ya tangi. Kila asubuhi anafungua lile bomba la chini, anasikiliza maji yakikoroma na kutoka na kutu kidogo, anafunga. Halafu anapima mafuta kwa kijiti. Halafu anafuta mkanda. Hajaruka hata siku moja. Nimemwuliza kama haimchoshi.

"Weye unapiga mswaki?" akaniuliza.

9 Desemba
Maji bado ni mengi. Leo Fanwell amehamisha mtambo wote kwenye kibanda cha kukaushia samaki, mahali pekee pakavu katika Nchelenge nzima. Moto wa polepole unawaka humo kutwa kucha chini ya chanja, na hewa yake ni kavu kama ngozi ya ngoma. Nilisaidia kubeba tangi. Niliona ni wazo zuri, na niliandika hivyo katika rasimu ya barua kwa mhariri.

15 Desemba
Hakuna tone la maji. Rangi inatoka safi. Fanwell anaimba nyimbo za kanisani akiwa kazini, beti zote.

22 Desemba
Siku ya ubao wa manda. Manda ni yule samaki wa ziwa mwenye meno ya nje na mapezi mekundu, mkali, hakamatiki bila kukata kitu. Fanwell alikuwa ameupaka kwa siku tatu, na leo akautoa uani, akauegemeza ukutani ukauke, akaenda kumwita mkewe.

Olipa alikuja na jirani zake wawili wa sokoni. Walipofika, ubao ulikuwa umejaa nzi.

Sikuwa nimewahi kuona nzi wakitembea juu ya picha. Walitembea kutoka kichwa hadi mkia, walikusanyika kwenye jicho, walisugua mikono. Jirani mmoja alipiga kelele.

"Yo! Nzi baliamini!"

"Banunue basi," akasema mwingine.

Wakacheka wakishikana mabega. Fanwell naye, kwa kitambo, alitabasamu. Nilimwona akifikiri kwamba labda hii ndiyo hukumu aliyoingojea. Olipa hakucheka. Aliinama, akanusa ubao, akakwaruza ukingo kwa ukucha, akanusa ukucha.

"BashiMaggie, hii rangi inanuka samaki ya moshi."

Aliingia kwenye kibanda, sisi nyuma yake. Kompresa ilikuwa inavuta pumzi yake moja kwa moja juu ya chanja. Moshi na mafuta ya samaki vilikuwa vimeingia humo siku kumi na tatu, vimepita tangi, vimepita mpira wa pistole, vimetua kwenye ubao. Nzi hawakudanganywa na mchoro hata kidogo. Walifuata chakula.

"Huyu hakulala," Olipa akasema. "Huyu alikaushwa."

Wanawake walicheka upya. Fanwell hakujitetea. Aliinamisha macho, akavua mkanda, akaanza kufungua boliti papo hapo, mvua ikianza. Ndani, vali zilikuwa zimeshikwa na utomvu mweusi kama lami. Ningesema kosa hilo halingeweza kutokea mahali pengine popote: ni watu ambao kila kitu chema chao hukaushwa kwa moshi ndio wanaoweza kudhani kwamba hewa nayo itakauka vivyo hivyo. Mimi pia nilibeba tangi.

25 Desemba
Krismasi. Kanisani kulijaa. Fanwell mikono bado ina lami.

28 Desemba
Amechemsha vali katika maji ya majivu, amezisugua kwa mchanga laini uliochujwa kwa kitambaa, amezipima juu ya kioo cha dirisha: akiweka vali juu ya kioo na mwanga ukapita chini, anarudia. Ilichukua siku nzima. Mtambo sasa uko chini ya upenu wa upande wa upepo, mbali na moshi. Pua ya kompresa ameivalisha kipande cha kofia yake ya zamani ya sufu, kizuie vumbi. Maji yamerudi, naye amefunga chupa ya glasi kati ya tangi na pistole, upepo uingie kwa juu, uache maji chini, utoke kwa juu. Anaiona inavyojaa. Akiona maji yamefika mstari aliouchora, anasimama, anamwaga, anaendelea.

Kosa limemgharimu mbao mbili na kofia. Hakulizungumzia tena.

6 Januari 1957
Mvua. Barabara imekatika kwenye kijito kati ya Kawambwa na Mwansabombwe. Lori la barua limerudi.

11 Januari
Mtambo unafanya kazi bila dosari, na Olipa bado anasema alilala. Amesema leo, juzi, na wiki iliyopita mara mbili. Fanwell anachagua samaki mwenyewe sokoni, anakimbia naye nyumbani, anapaka kabla ya saa sita. Alilala. Nimeanza kumkasirikia mwanamke huyu, jambo ambalo mtu wa kazi yangu hapaswi kufanya bila kumhoji.

13 Januari
Nilimhoji. Nilimwuliza anaona nini ambacho mimi sioni.

"Keso, amuka mapema," akasema. "Leta macho. Acha karatasi."

14 Januari
Niliacha karatasi. Ninaandika haya kwa kumbukumbu, jioni.

Tulikwenda naye pwani mashua zikiingia. Bwembya alikuwa na manda mmoja aliyemkamata kwa ndoana, bado hai katika maji ya chini ya mtumbwi. Olipa alimshika kwa kitambaa nyuma ya kichwa, akamlaza juu ya ubao wa kukalia.

"Tazama mugongo."

Mgongo ulikuwa buluu. Nimemwona manda mara mia sokoni na nimeandika kwamba ni wa kijivu. Huyu alikuwa buluu yenye kijani ndani yake, na ubavuni fedha iliyokuwa ikisogea kama kwamba chini ya ngozi kuna maji mengine. Mapezi yalikuwa mekundu ya kaa la moto.

"Sasa ngoja," Olipa akasema.

Hatukungoja sana. Kijani kilikwenda kwanza, kikianzia kichwani. Kisha buluu ikawa kama imefunikwa na vumbi. Fedha iliacha kusogea. Wekundu ukawa wa matofali. Samaki alikuwa bado anafungua mdomo.

"Hapa njo alilala," akasema, akimtupa kwenye beseni. "Ku soko, wote balilala. Sisi tunauza tu wale balilala kidogo. BashiMaggie anapaka muzuri. Anapaka sawasawa kile kiko mbele yake. Kile kiko mbele yake kimekufa."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Aliniuliza kama ni muzuri. Hakuniuliza rangi iliendaka wapi."

Nimekuwa nikimwita mkali. Nafuta. Ni shahidi bora kuliko wengi niliowanukuu gazetini: husema alichokiona na haongezi.

Alimwambia mumewe jioni hii, wakila. Nilimsikia Fanwell akiacha kutafuna.

16 Januari
Basi lazima apake pwani, samaki akiwa hai au ndiyo kwanza anakufa, kwa dakika chache. Kwa brashi ya kawaida haiwezekani. Kwa pistole inawezekana, maana rangi hulala tabaka juu ya tabaka bila kungoja. Lakini mtambo hauendi pwani: stendi ya baiskeli inazama mchangani.

Fanwell alikaa kando ya soko akitazama lori la patron, akaniambia: "Hapana lazima kompresa iende. Upepo njo uende."

18 Januari
Amepata mpira wa ndani wa tairi la lori kwa Kingsley. Anaujaza nyumbani, anaufunga kwenye mabega na kuubeba hadi pwani. Upepo wake hauhemi hata kidogo na hauna kelele. Watu wanatoka majumbani kutazama mzee aliyevaa mpira.

"Ba Fanwell, mvua itatufunika leo?" mmoja akauliza. "Naona umeisha kuvaa mutumbwi!"

"Mulamu, nipimie upepo kidogo," Bwembya akadakia, "nimechoka kupiga kafi."

23 Januari
Mvua.

2 Februari
Jaribio la kwanza pwani. Manda akamponyoka Bwembya, akarudi ziwani.

9 Februari
Jaribio la pili. Mvua ilianza katikati. Rangi ikateremka ubaoni yote. Fanwell aliutazama ubao mweupe, akasema, "Huyu alikimbia."

Katikati ya majaribio anafanya yaleyale: anamwaga maji, anapima mafuta, anafuta mkanda, anaifua ile sufu kwa sabuni na kuikausha mbali na moshi. Sindano ya pistole anaisafisha kwa unyoya wa bata. Nimekutana na mainjinia wa migodi. Sijui kama ningewakabidhi mashine hii.

20 Februari
Tangu asubuhi kulikuwa na jua. Tazama, jua halikunifurahisha: jua likizidi, barabara inakauka.

3 Machi
Jaribio la tatu. Manda alikuwa mzuri, mbingu zilikuwa wazi, Fanwell alikuwa ameshaweka fedha ya ubavuni na kuanza buluu. Mvuvi mmoja alipita na beseni la samaki, akasimama kutazama, beseni likaegemea mpira. Mwiba wa pezi ukatoboa. Upepo ulitoka kwa sauti ya mtu aliyechoka. Buluu ikakoma katikati ya mgongo.

Mvuvi aliomba radhi mara nyingi. Fanwell alimwambia samaki ana haki ya kujitetea.

Jioni alitia kiraka. Kilivimba. Mpira ni mkuukuu, hakuna mwingine.

15 Machi
Mvua nyepesi. Kingsley alipita. Alikula nasi, akasifu ugali, akasema tingatinga limefika kile kijito.

27 Machi
Hakuna mvua. Kiraka kimefumuka mara ya pili. Fanwell anaendelea kumwaga maji ya tangi kila asubuhi, ingawa maji sasa ni kifuniko cha chupa tu.

5 Aprili
Lori la barua limefika kutoka Kawambwa, limejaa tope hadi madirishani. Limeleta barua ya mhariri wangu, yenye hasira, na ekseli. Kingsley atafunga ekseli kesho na kesho kutwa. Jumatatu anaitaka kompresa.

Fanwell alisoma habari hiyo usoni mwangu kabla sijaisema.

"Kesho basi," akasema.

"Na mpira?"

Ni Olipa aliyejibu. Alikuwa akimenya mihogo, hakuinua kichwa. "Leta mulango ya kibanda. Weka chini ya baiskeli. Haitazama."

6 Aprili
Niandike kwa mpangilio.

Tulibeba mlango wa kibanda cha samaki hadi pwani, tukaulaza mchangani. Juu yake baiskeli na stendi, kompresa, tangi, ile chupa. Kila kitu kilikaa imara. Watu walianza kukusanyika, na mimi nilijiandaa kupanda baiskeli. Nilikuwa nimekubali kazi hiyo jana. Olipa alinisukuma kando.

"Ba Chanda," akaniita, "weye utachoka, halafu utaandika kama hukuchoka."

Alifunga kanga yake ya pili kiunoni kama suruali, akapanda. Kicheko kilichozuka pwani sijawahi kusikia mfano wake. Mke wa mtu, mwuza samaki anayeheshimika, juu ya baiskeli isiyokwenda popote.

"BanaMaggie, utusalimie Kawambwa!"

"Piga kengele, ng'ombe iko mu njia!"

"Cheka," akawajibu akianza kukanyaga. "Keso ukija ku meza yangu, bei itakucheka weye."

Bwembya aliingia na manda katika maji ya mtumbwi. Alimshika vizuri safari hii, kwa kitambaa, kama dada yake. Akamlaza juu ya jani la mgomba mbele ya ubao.

Fanwell alikuwa amekwisha kuweka fedha ya chini jana, ikakauka. Kilichobaki kilikuwa kile kinachokwenda. Akaanza. Na Olipa, akikanyaga, macho hayakumtoka samaki. Akawa anamwambia.

"Kijani kwanza. Kijani, BashiMaggie! Ku kichwa, kinaondoka."

Fanwell hakumtazama samaki tena baada ya hapo, au alimtazama kidogo sana. Alisikiliza.

"Acha kichwa. Buluu. Nyembamba. Njo vile. Usizidishe, ni maji, hapana lori."

Kompresa ilikuwa ikipiga sawasawa, tak-tak-tak, mlio wa kitu kilichomwagwa maji kila asubuhi kwa miezi minne. Sindano ya geji ilisimama pale ilipotakiwa kusimama. Pistole haikutema. Maji ya chupa yalikuwa nusu, hayakufika mstari aliouchora. Watu walikuwa wameacha kucheka. Sijui ni lini.

"Nyekundu. Mukia. Haraka, mukia unaenda! Sasa pezi ya chini. Toa kidogo. Toa!"

"Inatoka!"

"Basi. Acha. Acha, alienda."

Samaki juu ya jani alikuwa wa kijivu. Olipa alishuka, akashika usukani wa baiskeli kwa muda. Jasho lilikuwa likimtiririka puani. Fanwell alirudi nyuma hatua kadhaa, pistole mkononi, akasimama kando ya ubao kama mtu anayengoja kuitwa jina.

Olipa aliukaribia ubao. Akainama, na kabla yeye mwenyewe hajajua anafanya nini, mkono wake ukanyooka kama unavyonyooka kila asubuhi Kashikishi: kidole gumba kikaenda chini ya shavu la samaki, kulifunua.

Kikazama kwenye rangi mbichi.

Akautoa mkono, akakitazama kidole. Kilikuwa kimejaa wekundu na fedha. Shavuni mwa manda palibaki alama ya kidole chake, mistari yote.

"Aa," akasema.

Hakusema "alilala". Wanawake wa soko walimtazama kidole, wakamtazama usoni, na mmoja wao, yule wa nzi, akapiga kigelegele kifupi.

Bwembya alimwuliza shemeji yake kama ataitengeneza ile alama. Kikombe bado kina rangi, upepo bado upo.

"Gusa uone," Fanwell akasema.

Kisha akapiga magoti kando ya tangi, akafungua bomba la chini, akamwaga maji.

8 Aprili
Fanwell aliifunga kompresa kwenye lori mwenyewe, Kingsley akimshikia taa ya mkono chini ya boneti. Aliipangusa, akabadilisha mafuta, akavua kipande cha kofia na kukitia mfukoni. Kingsley alisema haijawahi kuwa safi hivi tangu iletwe nchini. Ubao uko sebuleni, peke yake kwenye ukuta. Zile mbao nyingine Olipa amezitoa na kutengenezea chanja jipya. Hakuomba ruhusa, wala hakuulizwa.

Mimi nimepata nafasi kwenye lori hilohilo, juu ya magunia ya samaki. Olipa alinipa kifurushi cha njiani. Nilikifungua, nikamfunua samaki shavu kwa kidole gumba mbele yake. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu Novemba, nionavyo mimi.

Baada ya Mwansabombwe kuna mteremko mrefu hadi kwenye kijito, tope bado linateleza. Dereva alikanyaga breki za upepo. Zilishika.